Nyambizi Kwenye Mwamba Uliofungwa

Boksi nililinunua Kilwa Masoko, kwenye meza ya midoli ya mtumba, kati ya mwanasesere asiye na mkono mmoja na gari la zimamoto lililokosa magurudumu. Juu yake palikuwa na picha ya nyambizi ya kijivu ikipasua maji, na maandishi ya lugha ambayo mimi na muuzaji sote hatukuijua. Ndani, vipande vya plastiki vilikuwa bado vimeshikana kwenye vijiti vyake, havijaguswa na mtu.

"Mtoto wako ana miaka mingapi, dada?" muuzaji akaniuliza.

"Sita," nikasema.

Sina mtoto. Nilikuwa na miaka ishirini na sita, shahada ya uhandisi wa elektroniki, na ujumbe kwenye simu nilioupokea siku tatu kabla. Karakana moja ya mafunzo mjini Lindi ilikuwa inatafuta mwalimu wa kufundisha vijana mambo ya umeme na redio, na sisi tulioitwa kwenye usaili tulitakiwa kufika na kitu tulichokitengeneza kwa mikono yetu, kinachofanya kazi. Niliusoma ujumbe ule mpaka nikaukariri. Kinachofanya kazi kwa muda gani? Kikizimika nikiwa mlangoni je? Kwa miaka miwili tangu nimalize chuo, kitu pekee nilichokuwa nimekitengeneza ni chaja ya simu ndani ya kopo la sabuni. Mama aliitumia kwa uaminifu mkubwa hadi siku ilipotoa moshi, na hata baada ya hapo aliwaambia wageni kwamba ilikuwa nzuri, ila umeme wa kwetu una hasira.

Niliitaka kazi ile kuliko nilivyothubutu kumwambia mtu yeyote. Nilifikiri wenzangu watakuja na mashine za kutotoleshea vifaranga na taa zinazowaka ukipiga makofi. Mimi ningeweka beseni mezani, nyambizi ingezama, ingeibuka, na nisingelazimika kuongea sana. Hilo la mwisho ndilo lililonishawishi.

Nyambizi ya boksi ni ya kupanga kabatini, haiendi popote. Lakini ndani ni tupu, na utupu huo ndio nilioutaka. Urefu wake ulikuwa kama kutoka kiwiko changu hadi ncha za vidole, unene wake kama chupa ndogo ya maji. Nikatafuta gari bovu la kuchezea la rimoti, la zamani, lile lenye antena ndefu ya kuvuta. Rimoti za siku hizi mawimbi yake yanakufa yakigusa maji, za zamani zinavumilia kidogo. Gari likanipa mota mbili. Moja nikaifunga kwenye pangaboi la nyuma, na mhimili wake nikaupitisha ndani ya mrija wa wino wa kalamu niliojaza grisi ili maji yasipenye. Ya pili ikawa ya kuvuta na kusukuma bomba la sindano. Bomba likivuta maji, nyambizi inakuwa nzito na kuzama, likiyatema, inaibuka. Usukani ulinishinda, kwa hiyo ilikwenda mbele tu, kama mtu mwenye haraka. Tumboni nikaweka chubwi, vile vizito vya mshipi wa kuvulia, ili isilale ubavu, na kifuniko nikakipaka mafuta ya mgando ya mama ili kizibe vizuri.

Mama aliyaona mafuta yake yakipungua na hakusema kitu hadi wiki ya pili, aliponikuta nimelala kifudifudi sebuleni, jicho moja kwenye tundu la kifuniko.

"Hicho kinavua nini?"

"Hakivui, mama. Kinazama tu."

"Kinazama tu?"

"Na kuibuka."

"Hapo sawa," akasema. "Maana kuzama tu, hata sufuria yangu imeshazama kisimani, na sikuisomea."

Majaribio niliyafanya kwenye pipa la maji ya kisima nyuma ya nyumba. Kisima chetu kina chumvi. Kila mtu kwetu anajua hivyo. Chai yake hainyweki, sabuni haitoi povu, wageni wakiyaonja wanakunja uso na kuomba radhi. Maji ya kunywa tunachota bombani, mbali. Kwa hiyo nilijiambia kwamba ikifanya kazi kwenye pipa lile, imeshafanya kazi kwenye maji ya chumvi. Nikaizamisha na kuiibusha zaidi ya mara arobaini, na kila mara nikaandika kwenye daftari. Nilipima uzito wa betri, urefu wa antena na joto la mota. Nilipima kila kitu, isipokuwa maji ambayo nimeyaonja tangu utotoni.

Ningeweza kuishia kwenye pipa. Lakini zilipobaki siku tisa kufika usaili nilianza kuwaza: je, wakiniuliza kama imewahi kuingia baharini? Nitasema hapana? Mtu wa Kilwa, na nyambizi, halafu haijawahi kuingia baharini? Swali hilo hakuna aliyeniuliza. Nilijiuliza mwenyewe na nikalijibu kwa vitendo.

Hapa lazima niseme habari ya mwamba. Kijijini kwetu, upande wa kuelekea Pande, kila mwaka tunafunga sehemu ya mwamba kwa miezi mitatu ili pweza wakue. Yanawekwa maboya na bendera nyekundu, na tangu siku hiyo hakuna mtu anayeruhusiwa kukanyaga ndani, hata kwa kuokota kome. Siku ya kufungua, maji yakitoka sana wakati wa bamvua, kijiji kizima kinaingia kwa mkupuo na fimbo za pweza. Inayosimamia yote hayo ni kamati, na mwenyekiti wa kamati ni mama yangu. Alichaguliwa kwa sababu ana filimbi na haoni haya kuipiga. Mwaka uliotangulia, ndoo ya mama mkubwa, dada yake wa tumbo moja, ilichukuliwa na maji ikaingia ndani ya maboya. Mama mkubwa akatia mguu kuifuata. Mama akapiga filimbi. Ndoo ikaenda zake.

Niliyajua hayo yote. Ndiyo maana nilihesabu hatua sitini kutoka boya la mwisho kabla ya kuiweka nyambizi majini. Nilifikiria kuifunga uzi, kisha nikafikiria uzi utanasa kwenye pangaboi, kisha nikafikiria nikifunga mbele hautanasa, kisha nikafikiria ukifungwa mbele itainamisha kichwa. Nikaufungua uzi.

Maji yalikuwa yamejaa na kutulia. Nyambizi ikaenda vizuri juu juu, mita kumi hivi, na mimi nikasikia furaha ambayo sikuwa nimeisikia tangu niliposoma matokeo ya mwaka wa mwisho. Nikabonyeza kitufe cha kuzamisha. Ikavuta maji, ikashuka kiasi cha kiganja, na hapo hapo ikaacha kunisikia. Nikabonyeza kuibuka. Nikanyanyua rimoti juu ya kichwa. Nikaingia hadi kiunoni na rimoti mkononi kama mtu anayetafuta mtandao. Hakuna kitu. Baadaye nilichota maji ya bahari kwenye chupa, nikayapima sambamba na ya kisima chetu, na nikaona aibu: chumvi ya kisima ni ya kuharibu chai tu, lakini ya bahari inameza mawimbi ya redio mazima mazima.

Haikuzama ikakaa. Ingezama ikakaa ningeifuata. Ilibaki imening'inia chini kidogo ya uso wa maji, si nzito wala nyepesi, jinsi nilivyoisawazisha kwa ustadi wangu wote, na mkondo ukaichukua taratibu. Nilitembea sambamba nayo, maji yakinifika kifuani, nikakiona kimnara chake kikipita boya la mwisho, kisha boya la pili, ndani. Mimi nikasimama nje ya bendera. Ikaingia kwenye kivuli cha mawe, sikuiona tena.

Mama alikuwa anakuna nazi. Nilimweleza kuanzia mwanzo kabisa, kuanzia antena, na alinisikiliza bila kuacha kukuna. Nilipofika kwenye boya la pili, mbuzi ya kukunia ikanyamaza.

"Ulikanyaga ndani?"

"Hapana."

"Hata kidole?"

"Hata kidole, mama."

"Lete suala lako kwenye kamati," akasema, akaendelea kukuna.

Niliandika barua ya kurasa tatu na mchoro. Kamati ilikaa kwenye banda la kupokelea samaki: mama, mama mkubwa, wanawake wengine wanne, na katibu, mzee wa makamo anayeandika kila kitu hadi salamu. Katibu aliisoma barua yote kwa sauti, mchoro akauzungusha kwa kila mtu, kisha akavua miwani.

"Kwanza tuelewane. Hiki ni chombo au ni zana? Maana chombo kina kifungu chake, na zana ina chake."

"Ni mdoli," akasema mama mkubwa.

"Mdoli hauna kifungu."

"Basi hauna kosa. Injinia kaa chini, umeshinda."

Wakacheka. Katibu hakucheka. "Kiliingia chenyewe au kilipelekwa?"

"Mkondo ulikiingiza, mzee," nikasema.

"Alaa!" Mama mkubwa akageuka mzima mzima. "Mkondo! Na ndoo yangu iliingizwa na nani, na treni? Ndoo mpya, kibandiko hakijabanduka. Naiona hiyoo, hatua kumi, na mdogo wangu amesimama na filimbi mdomoni, mashavu yamemvimba."

"Nilipiga au sikupiga?" mama akamwuliza.

"Ulipiga."

"Na uliichukua?"

"Ningeichukua wapi? Saa hizi watu wanaiogea kule Mafia."

Mama akasimama, akasema kwamba anayezungumziwa ni mwanawe, kwa hiyo anatoka, waamue wao. Akaenda kusimama nje, mgongo kwetu. Mimi nilibaki ndani. Nilijua kwamba hatua arobaini kutoka ufukweni, maji yakitoka, kilikuwa kimekaa kitu pekee ambacho kingenipa kazi, na kwamba kulikuwa na mtu mmoja tu bandani mwenye haki ya kuwa na kinyongo nami.

Mtu huyo ndiye aliyeanza. "Mtoto ana usaili," akasema mama mkubwa, safari hii kwa sauti ya chini. "Miaka miwili yuko ndani anafungua redio za watu. Kesho maji yakitoka aende, achukue, arudi, na sisi tutazame minazi. Ndoo yangu nimeshaisamehe." Wengine wakaitikia mmoja mmoja. Katibu akaandika, akamwita mama.

Mama akasikiliza uamuzi. Kisha akauliza, "Mmeamua hivi kwa sababu ya sheria, au kwa sababu yangu?"

Katibu, ambaye hawezi kuandika uongo wala kuusema, akajibu, "Kwa sababu yako, mwenyekiti."

"Basi andika kwamba mwenyekiti amekataa."

"Weee!" mama mkubwa akaruka. "Mtoto wako mwenyewe?"

"Ndiyo hapo sasa. Kesho akiingia wa kwangu, keshokutwa nikimpigia filimbi wa mwenzangu atanitazama hivi." Akatengeneza uso wa dharau, na ulikuwa uso wa dada yake hasa, hata mama mkubwa mwenyewe akashindwa kujizuia kucheka. Kisha mama akanigeukia mimi. Hakuwa anacheka. "Mwanangu, itakaa humo mpaka siku ya kufungua. Utakwenda Lindi bila hiyo."

Sikumsemesha siku mbili. Nilipanga hoja kichwani, na kila hoja nilimpa na yeye majibu, na majibu yake yakawa mazuri kuliko hoja zangu. Siku ya tatu asubuhi maji yalitoka mbali. Nilikwenda nikasimama kwenye bendera, vidole vya miguu kwenye mstari. Mwamba ulikuwa mtupu, hakuna mtu, mlinzi wa zamu alikuwa upande wa pili. Ningeweza. Si uadilifu ulionizuia. Nilimwona mama kichwani mwangu akinyanyua filimbi, na nikajua angeipiga, na nikajua kwamba baada ya kuipiga asingekula chakula siku hiyo. Nikarudi nyumbani, nikamkuta anapiga pasi gauni langu la usaili.

Siku ya kwenda Lindi alinisindikiza hadi barabarani. Basi lilipoonekana akanishika mkono. "Wakikuuliza, waambie mama yako ndiye aliyekataa. Usijibebeshe wewe."

Walikuwa watu watatu nyuma ya meza. Niliweka rimoti mbele yao, bila nyambizi, na daftari, na video ya pipa kwenye simu. Nikaeleza kosa langu la chumvi, kwa kirefu, nadhani kwa kirefu mno.

"Kwa hiyo yenyewe iko wapi?" akauliza wa katikati.

"Iko kwenye mwamba. Mwamba umefungwa."

"Na huwezi kuingia kuichukua?"

"Mwenyekiti amekataa."

"Hukumwambia kwamba una usaili?"

"Anajua. Ni mama yangu."

Mmoja wao alicheka hadi akatoa leso. Hawakuwa wabaya. Jibu lilikuja baada ya siku chache, la heshima na fupi. Waliyemchagua alikuwa kijana wa mashine ya vifaranga. Nilikuwa nimeviona vifaranga vyake kwenye benchi pale nje, na kusema kweli vilikuwa na afya.

Sikumwambia mama. Nilipanga kumwambia baada ya siku ya kufungua, ili asiingie majini na uzito moyoni. Siku ya pili jioni alisimama nyuma yangu nikiosha vyombo.

"Wamekukatalia."

"Nani kakwambia?"

"Sufuria. Unaisugua kama imekutukana."

Akachutama pembeni yangu, akachukua sufuria nyingine, akaanza kuisugua na yeye. Hakuniambia Mungu atafungua mlango mwingine, wala hakuomba radhi. Tulimaliza vyombo vyote, hata visafi.

Siku ya kufungua ilianguka wiki ile ile. Asiyejua lazima aelewe hivi: nusu saa ya kwanza ndiyo siku yenyewe. Pweza wakubwa wanakaa ukingo wa nje wa mwamba, na anayefika wa kwanza ndiye anayewapata. Wanaochelewa wanaokota wadogo na maneno ya kejeli. Mama ni mwepesi kuliko wote. Mwaka uliopita alijaza ndoo kabla wengine hawajalowa magoti, na kwa mwaka mzima mama mkubwa alikuwa akiapa kulipiza.

"Leo nakuacha, mwenyekiti," akamwambia tukiwa tumejipanga kwenye bendera. "Kaza kanga."

"Sema ukirudi."

Mimi nilikuwapo kwa kubeba ndoo tu, kazi niliyopewa tangu ilipojulikana kwamba naogopa pweza. Maji yalikuwa yametoka hadi mwisho. Katibu akatazama saa, akainua mkono. Mama akapiga filimbi, na kijiji kizima kikakimbilia ukingo wa nje, fimbo juu, wakirusha maji na vicheko.

Mama akageuka kushoto.

Nilidhani ameteleza. Kisha nikaona anakwenda kwa haraka, kanga imefungwa magotini, kuelekea boya la pili, mahali ambapo hakuna mtu anayekwenda siku ya kufungua kwa sababu hakuna kitu.

"Mama!" nikamkimbilia na ndoo. "Mama, pweza wako kule!"

"Nawajua walipo. Ilielekea wapi?"

"Nini?"

"Nyambizi, mtoto wewe! Ilipita boya upande huu au ule?"

"Huu. Lakini mama, mama mkubwa ameshafika nje, ona, ameshapata..."

"Mwache apate. Ukaiona mara ya mwisho wapi? Onesha, usieleze."

Nikaonesha. Akaanza kwenye jiwe la kwanza. Nimemwona mama akitafuta pweza maisha yangu yote: fimbo inaingia tunduni kwa nguvu, inazungushwa, inavutwa. Siku ile aliiingiza polepole, ncha ikigusa na kurudi, kama anayepapasa mfuko usio wake, asije akaivunja. Tundu baada ya tundu. Nyuma yetu kila dakika sauti ilipanda, fulani kapata, fulani kapata mkubwa, na yeye hakugeuka hata mara moja. Mimi nilimfuata na ndoo tupu. Nilitaka kumwambia kwamba usaili umeshapita, kwamba haina kazi tena, kwamba ni plastiki. Alijua yote hayo.

Kwenye jiwe la saba au la nane akaacha fimbo, akapiga magoti, akatia mkono hadi begani, shavu likagusa maji.

"Ina mkia kama wa feni?"

"Ndiyo."

Akaitoa. Ilikuwa imeota kijani, kimnara kimevunjika, na ilipoinama maji yalimwagika kutoka ndani pamoja na mchanga na kaa mmoja mdogo sana. Akaishika kwa mikono miwili, akaitazama pande zote, na kwa mara ya kwanza tangu haya yaanze nikaona ana wasiwasi kama wangu.

"Imekufa?"

"Mota zimekufa," nikasema. "Mwili uko mzima. Mota zinapatikana."

Akashusha pumzi, akanipa. Kutoka ukingo wa nje mama mkubwa alikuwa amesimama, pweza wawili wakining'inia kwenye fimbo, akipiga kelele kwa furaha ya mwaka mzima.

"Mwenyekitiii! Leo umevua plastiki!"

"Nimepata changu!" mama akamjibu kwa sauti iliyofika hadi Pande. "Wewe vua mboga!"

Kisha akaokota fimbo yake, akakung'uta magoti, akaniambia nitembee haraka, maji yanaanza kujaa, labda tutapata japo mmoja wa kitoweo.